Vifundo Vikavu

Mkurugenzi Salome Haule alimpa Sekela mpaka saa sita mchana kuchagua namba moja. Wakati huo ilikuwa saa tatu. Nje ya kituo mvua ya Kisyelo ilinyesha kwa kawaida yake, ile nyepesi isiyokatika, na barabarani hapakuwa na mtu hata mmoja.

Homa yenyewe watu waliiita Kijivu, kwa sababu kucha za mgonjwa hubadilika rangi kabla hajaanza kukohoa. Ilikuwa na wiki tatu mjini. Dawa haikuwepo, na chanjo ilikuwa bado inatengenezwa nchi za mbali. Kilichokuwepo ni bangili. Kila mkazi wa Kisyelo aliivaa mkononi tangu mlipuko wa miaka kumi na mitatu nyuma, na kila bangili ilijua jambo moja tu: iko karibu na bangili ipi nyingine, na kwa dakika ngapi. Kwenye ukuta mkubwa wa kituo wakazi elfu hamsini na nane walionekana kama nukta, na kati ya nukta na nukta kulipita nyuzi, nyembamba kwa waliosalimiana, nene kwa walioshinda pamoja. Wakokotozi wa kituo hawakusema nukta wala watu. Walisema vifundo.

Uamuzi wa wakubwa ulikuwa umeshatoka: watu wapatao elfu mbili watolewe mjini, wapelekwe kambi ya uwandani, wakae siku arobaini. Si wagonjwa. Ni wale ambao wakiondoka wavu wa mji unakatika vipande vipande na homa inakosa njia ya kupita. Wangelishwa vizuri, wangelala kila mtu chumba chake, na wangerudi wazima. Kilichobaki ni kujua ni akina nani, na kazi hiyo ilikuwa ya Sekela Mwakilasa, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa hana kazi nyingine isipokuwa kupima jinsi watu walivyofungamana.

Alimweleza mkurugenzi kwa mara ya tatu, akitumia kalamu na karatasi kwa kuwa mama yule hakuwa mtu wa hesabu na hakuona haya kusema hivyo. Kila mtu ana vitu viwili: idadi ya nyuzi zake, yaani watu aliokutana nao kwa siku, na uzito wa nyuzi hizo, yaani jumla ya dakika alizokaa nao. Dakika za ndani ya nyumba yako mwenyewe hazihesabiwi, maana hizo hakuna wa kuzikata. Mashine huchanganya vitu hivyo viwili ikatoa alama moja, na kinachoamua mchanganyiko ni namba ndogo iitwayo mizani. Mizani ikikaa kwenye sifuri, wanahesabiwa watu tu. Ikikaa kwenye moja, zinahesabiwa dakika tu. Katikati hapo vyote viwili vinasema, kimoja kwa sauti zaidi kuliko kingine. Atakayefika alama mia mbili anatolewa.

"Chukua muuza ndizi," Sekela alisema. "Watu mia tatu kwa siku, dakika moja kila mtu. Huyo usogeze mizani utakavyo, alama yake ni mia tatu. Anaondoka tu."

"Na nani anayesogea?"

"Wale wenye watu wachache na saa nyingi."

Mkurugenzi akauliza mizani ipi inaua wachache. Sekela akasema anaamini iko karibu na robo tatu, lakini apewe muda aijaribu. Ndipo akapewa mpaka saa sita.

Aliijaribu. Mashine iliuendesha mji wote siku arobaini mbele, mara elfu kwa kila namba, na kila mara ikahesabu maiti. Kwenye nusu, walikufa mia nne na zaidi. Kwenye robo tatu kamili, yaani sifuri nukta saba tano, walikufa mia mbili na arobaini, na upande wowote uliokwenda kutoka hapo walizidi. Ilikuwa saa nne na nusu. Kazi ilikuwa imekwisha, na angeweza kuinuka akampelekea mkurugenzi jibu lake. Badala yake alifanya jambo ambalo kila mkokotozi alikatazwa siku ya kwanza ya kazi. Aliandika jina la mtu.

Dada yake Tupokigwe alikuwa kifundo cha kawaida kabisa, juu kwenye mtaa wa Ngulilo, nyuzi kumi na moja, dakika mia sita kwa siku. Sekela hakuhitaji kuambiwa hao kumi na moja ni nani. Walikuwa wazee wasioinuka, waliobaki peke yao baada ya watoto kuhamia mikoa ya mbali, na Tupokigwe alikuwa akiwazungukia tangu alfajiri, huyu anamgeuza, huyu anamnawisha, huyu anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Halmashauri ilimlipa kitu kidogo kwa ajili ya wanne. Wengine aliwaongeza mwenyewe. Sekela alizisoma nyuzi zile mara mbili akitafuta wa kumi na mbili, kwa sababu bangili hukumbuka mwezi mzima, na yeye hakuwemo. Hakuwa amekanyaga kwa dada yake kwa zaidi ya mwezi.

Kwenye robo tatu, alama ya Tupokigwe ilikuwa mia mbili ishirini na moja. Aliteremsha mizani kidogo, kisha kidogo tena. Kwenye sifuri nukta saba mbili, dada yake alikuwa na mia moja tisini na sita. Alibaki mjini. Na mji, kwenye namba hiyo, ulizika watu mia mbili sabini na mmoja.

Watu thelathini na mmoja zaidi. Hakuna ambaye angejua. Mkurugenzi angepokea sifuri nukta saba mbili kama ambavyo angepokea namba nyingine yoyote. Sekela alikaa mbele ya mashine mikono mapajani, na alichokuwa akikifikiria si wale thelathini na mmoja, kwa kuwa hakuwajua, bali ni aibu ya kuwa mtu wa aina hiyo. Dada yake asingekufa kambini. Angekaa siku arobaini, angelala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka. Na wale wazee wangepelekewa chakula na droni kama mji mzima. Alijiambia hivyo, na kwa sehemu kubwa aliamini. Saa sita kasorobo alimpelekea mkurugenzi namba ya robo tatu.

*

Magari yalipanda Ngulilo siku ya pili yake asubuhi. Tupokigwe alimpigia mdogo wake simu akiwa tayari ameketi ndani ya lori, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekasirika bali ya mtu mwenye haraka. Alieleza nani anakula nini, nani asipewe chumvi, ufunguo wa nani uko chini ya chungu gani. Alijua Sekela anafanya kazi kituoni. Hakujua kazi yenyewe ni ipi, na siku hiyo hakuuliza.

"Chakula wamesema kitaletwa mpaka mlangoni," alisema. "Sawa. Lakini Mzee Mwaisumo mlango na kitanda kwake ni mbali kama kambi hii ninayopelekwa. Nani atamgeuza, Sekela?"

"Nitaomba mtu apelekwe."

"Leo?"

"Leo hii, dada."

"Ndaga fijo," Tupokigwe alimshukuru kwa lugha ya kwao, na lori likaondoka.

Sekela aliomba kweli. Aliandika majina kumi na moja, akaeleza hali ya kila mmoja, akayatuma kwenye dawati la misaada. Jibu lilikuja palepale kuwa ombi limepokelewa na limewekwa kwenye foleni. Kwenda mwenyewe haikuwezekana. Wafanyakazi wote wa kituo walikuwa wamefungiwa humo kwa siku arobaini, wakilala kwenye mikeka ya mazoezi chini ya meza zao, ili wasiulete ugonjwa kwenye mashine wala kuutoa. Siku ya tatu alitazama taarifa za droni: vifurushi vimefika Ngulilo, nyumba zote. Siku ya sita akatazama tena: vimefika. Baada ya hapo kazi ilimzidi, na akaacha kutazama.

Ile robo tatu ilifanya kazi. Nyuzi za mji zilikatika kama mashine ilivyosema, na homa ikabaki imezungushiwa kwenye mitaa michache, ikiwaka na kuzimika humohumo. Siku ya kumi na tisa mkurugenzi aliwakusanya watu wote wa kituo mbele ya ukuta akawasomea hesabu: waliokufa mia mbili thelathini na nane, na kwa siku mbili zilizopita hakuna aliyeongezeka. Alimtaja Sekela kwa jina. Watu walipiga makofi, na mmoja wao, Lwitiko wa mitambo, mwanamume mzima, alilia waziwazi maana mke wake na watoto walikuwa katika mtaa uliosalimika.

Sekela alikuwa na mazoea ya kujumlisha hata pasipo sababu. Akiwa amesimama pale, makofi bado yanaendelea, aliisoma idadi iliyokuwa pembeni ya ukuta. Vifundo elfu hamsini na tano, mia saba na kumi na tano. Mji ulianza na elfu hamsini na nane, mia tatu na arobaini. Ukiwatoa walio kambini, elfu mbili na kumi na sita, na ukiwatoa waliokufa, ilipaswa kubaki elfu hamsini na sita na themanini na sita. Palikuwa na pengo la watu mia tatu sabini na mmoja.

Alirudi kwenye meza yake, na haikumchukua hata dakika tano. Palikuwa na kanuni ndani ya mashine, mstari mmoja mfupi: kifundo kisicho na uzi wowote kwa siku saba kiondolewe kwenye hesabu. Katika lugha ya kituo viliitwa vifundo vikavu. Ilikuwa kanuni nzuri. Ilifagia bangili zilizopotea, zilizotupwa, zilizosahaulika kwenye droo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika, miaka kumi nyuma.

Na kifo kilikuwa kinaandikwa na mtu aliyekuwa karibu na marehemu. Asiye na mtu karibu hakuwa na wa kumwandikia. Mzee aliyelala kitandani, uzi wake ukiwa mmoja, uzi huo ukiwa umepakiwa kwenye lori, alibaki nukta siku saba, na siku ya nane akawa si kitu. Hata foleni ya misaada ilikuwa inapangwa kwa alama zilezile. Sekela alilitafuta ombi lake akalikuta mwisho kabisa, na pembeni ya kila jina, kwenye majina kumi na moja yote, palikuwa na sifuri. Akafungua tena taarifa za droni, safari hii akazisoma mpaka chini. Vifurushi vitatu vikikaa mlangoni bila kuguswa, droni huacha kuleta ili chakula kisiharibike. Nyumba nyingi za Ngulilo ziliandikwa: mpokeaji hayupo.

*

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama, mkono mmoja ukishika kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake mzazi Songea aliyefungiwa vilevile, na kwa siku kumi na tisa alikuwa analala saa tatu kwa siku. Alipokaa, uso wake ulikuwa umebadilika.

Alisema jambo hilo lisitoke nje ya chumba kile. Watu wakisikia kwamba kuna wazee wameachwa, kila mwenye mzazi au shangazi atafungua mlango atoke, na nyuzi zote zilizokatwa zitajifunga upya kwa siku moja. Akamwambia Sekela aiulize mashine, na Sekela hakuhitaji kuiuliza, kwa kuwa alikuwa ameshafanya hivyo. Mji ukifunguka siku ile, mashine ilitaja vifo mia nne.

"Siku ishirini na moja zimebaki," mkurugenzi alisema. "Zikiisha tutamtafuta kila mmoja wao, nyumba kwa nyumba. Nakuahidi."

"Mtu asiyeinuka hakai siku ishirini na moja bila maji, mama."

"Najua."

"Basi hatutakuwa tunawatafuta. Tutakuwa tunawaokota."

"Najua, Sekela. Nimesema najua." Alifumba macho kidogo. "Ulinipa namba nikaikubali kwa sababu inaua wachache. Leo nakupa hii kwa sababu hiyohiyo. Utaikataaje?"

Sekela alirudi mezani kwake akakaa kwa muda wa kutosha chai ipoe, na katika muda huo hakupata hoja yoyote ya kumshinda yule mama. Kila alichokifikiria, hesabu ilikuwa upande wa mkurugenzi. Kisha akaifuta ile kanuni.

Ukuta ulijaa upya. Nukta mia tatu sabini na moja zilitokea pembezoni, moja moja, bila uzi hata mmoja, na wafanyakazi waliokuwa wakipita na vikombe vyao walisimama kutazama. Hakupiga kelele. Aliwaeleza waliokuwa karibu nukta zile ni nini, akawaambia hatatangaza mjini na anawaomba wao pia wasitangaze, ila yeye anakwenda. Alichukua barakoa, glavu na madumu mawili ya maji, akafungua mlango wa dharura. Kengele ililia. Lwitiko alimfuata, na baada yake wengine wanane. Mkurugenzi alikuja mpaka kwenye kizingiti. Hakuwazuia, na hakuwaruhusu. Alisema tu kwamba atakayetoka harudi, kisha akaagiza mlango ufungwe.

Waligawana mitaa. Ngulilo Sekela aliichukua mwenyewe, akaipanda kwa miguu saa nane mchana, kwenye mvua.

Mzee Mwaisumo alikuwa amekufa, na si jana wala juzi. Kwenye mlango wake vifurushi vitatu vilikuwa vimelowa vimepasuka, siafu wakiingia na kutoka. Sekela alimfunika, akaandika kifo chake kwenye bangili, akaenda nyumba ya pili. Humo alikuta hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Katika nyumba ya nne mama mmoja alikuwa amejaribu kuufikia mlango na kuishia katikati ya sakafu, mkono mmoja mbele. Hapo Sekela alitoka nje, akachutama ukutani mpaka pumzi ikamrudia, kisha akaingia tena kwa sababu hakuwa amemfunika.

Katika wale kumi na mmoja alikuta wawili wazima. Mmoja alikuwa mzee bubu aliyekuwa akinywa maji ya bomba lililovuja juu ya kitanda chake. Wa pili alikuwa Bibi Mbutolwe, ambaye miguu yake haikufanya kazi lakini mikono ilifanya, na kwa siku kumi na nane alikuwa akijiburuta kwa viwiko mpaka mlangoni kuchukua kifurushi, na kurudi. Viwiko vilikuwa vidonda. Hakuuliza Sekela ni nani. Aliuliza kama Tupo, ndivyo alivyomwita Tupokigwe, amerudi.

"Bado, bibi."

"Mwaisumo alikuwa anamwita," Bibi Mbutolwe alisema. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. "Siku ya kwanza aliita kwa hasira. Siku ya tatu aliita kwa adabu. Nikawa namjibu mimi, ili asijione yuko peke yake. Halafu ikawa naongea peke yangu."

Sekela alimnawisha jinsi alivyoweza, na hakuweza vizuri. Hakujua amshike wapi. Bibi ndiye aliyemwelekeza.

*

Wale kumi waliotoka kituoni walikuta watu sabini na watatu wakiwa hai mji mzima. Kati ya hao, kumi na wanne walishikwa na Kijivu wiki iliyofuata na wakafa, na hakuna ajuaye kama homa ilikuwa imeshawafikia au ililetwa na wale waliokuja kuwaokoa. Lwitiko naye alikufa. Sekela hakuugua. Kituo kilifuta ruhusa zake zote, na hakurudishwa. Mji haukufunguka, watu hawakujua kitu mpaka siku ya arobaini, hesabu ilipotolewa yote kwa pamoja, na mkurugenzi akaisoma mwenyewe bila kupunguza.

Siku hiyo malori yalirudi. Sekela alikuwa Ngulilo, kwa Bibi Mbutolwe, alikokuwa akilala tangu alipotoka kituoni. Aliisikia injini, akatoka uani. Tupokigwe alikuwa amenenepa kidogo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepumzika. Alitazama milango iliyofungwa kando ya njia, mmoja mmoja, na kwa jinsi alivyokuwa anapunguza mwendo ilionekana tayari ameanza kuelewa.

Sekela alimtajia majina. Alianza na Mwaisumo akamaliza na wa tisa, kisha akamtajia wawili waliobaki. Dada yake hakulia. Aliuliza swali moja tu, ambalo alikuwa na siku arobaini za kulifikiria.

"Nani aliamua mimi niondoke?"

Sekela angeweza kusema serikali, au mashine, na yote yangekuwa kweli kwa kiasi fulani.

"Mimi. Niliona jina lako. Ningeweza kukuacha."

Mvua iliwanyeshea wote wawili. Tupokigwe alikuwa bado ameshika mfuko wake wa nguo.

"Na ningebaki?"

"Mashine ilisema wangekufa thelathini na mmoja zaidi."

"Ni akina nani hao?"

"Sijui, dada. Hata mashine haikujua. Ilikuwa hesabu."

"Mimi hawa tisa nawajua," Tupokigwe alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Najua nani alikuwa anaogopa giza. Najua nani alikuwa akigeuzwa upande wa kushoto analia."

Sekela alisubiri kufukuzwa, na alikuwa ameshajiambia kwamba akifukuzwa ataondoka bila kujitetea. Dada yake aliweka mfuko barazani, akavua viatu, akaingia ndani. Alisikika akimsalimia Bibi Mbutolwe kwa Kinyakyusa, salamu ndefu yenye kuitikiana, na bibi akicheka na kulaumu kwa wakati mmoja. Kisha maji yakamiminwa kwenye beseni.

"Sekela," Tupokigwe aliita kutoka ndani. Sauti haikuwa ya kusamehe. Ilikuwa ya kazi. "Njoo ushike huku mabegani. Ulikuwa unamgeuza vibaya, ona mgongo ulivyochubuka."

Sekela aliingia, akashika pale alipoonyeshwa.